Ndani ya Uzio

Jumatatu, 8 Novemba 2021

Mvua. Goti linauma. Šuhra kaja saa tatu, hata viatu hajamaliza kuvua ameshaanza kusema. Mwanasheria kampigia simu! Mwaka juzi mahakama ya nchi ya wale askari wa kulinda amani, wa kofia za buluu, ilisema wazi: nchi yao ilikuwa na wajibu wa kuwalinda waume zetu, na haikuwalinda. Sasa wanachukua maelezo ya wajane, mmoja mmoja. Zamu yetu imefika.

"Miaka ishirini na sita, Zumra! Sasa wataliandika jina la Nurija wangu, na muhuri juu."

Akalia, akacheka, kisha akaniambia kahawa yangu ni maji ya kuoshea vikombe. Kweli tupu. Siku hizi nanunua ya dukani, hapa Tuzla kila kitu kimeshasagwa.

Kule kwetu, kabla ya vita, nilisaga mwenyewe, nimekaa ngazini, kinu cha shaba cha mama mkwe katikati ya magoti. Rifet wangu akipita: "Saga, mke wangu, saga! Jirani ameshanusa!" Na kweli, Nurija huyo, anaruka ua na kikombe chake mfukoni. Kikombe mfukoni! Haya hana. Jamani, tulikuwa na raha na hatukujua.

Jumatano, 10 Novemba

Mwanasheria anaitwa Jasenka. Binti mdogo, ananiita shangazi. Kaeleza polepole, kama anamlisha mgonjwa. Nchi haibebi lawama ya kila kitu. Inabeba pale ilipojua mauaji yanakuja na ikawa na uwezo wa kuyazuia. Siku ile ya vita, pale kiwandani palipokuwa kambi ya kofia za buluu, tulikokimbilia, waliokuwa ndani ya uzio askari wale wangeweza kukataa kuwatoa. Waliokuwa nje, barabarani, walikuwa tayari mikononi mwa wauaji. Kwa hiyo swali ni moja tu — alikuwa ndani au nje?

Nikamuuliza: na wa nje walikuwa wa nani?

Akatazama karatasi zake. "Shangazi, hata mimi siupendi mstari huo. Lakini ndio uliochorwa."

Šuhra hakungoja. "Ndani! Wote wawili, kando ya ukuta. Mimi nilikuwa nimempeleka mama kwa daktari, alizimia kwa joto. Lakini Zumra alikuwa nao mpaka mwisho. Muulize!"

Binti akanigeukia, kalamu mkononi. Nikasema kichwa kinaniuma. Kichwa changu kizima kabisa! Akasema basi, atakuja nyumbani kwangu Jumatatu.

Ijumaa, 12 Novemba

Usingizi hakuna. Nimeshinda nikikumbuka jamu ya plamu. Sufuria kubwa uani, Rifet na Nurija wanapokezana mwiko na kugombana kuhusu mpira. Šuhra anawafukuza wote wawili: ondokeni, mtaiunguza! Ilikuwa ikiungua kila mwaka. Tukaila hivyo hivyo.

Nawataka. Nawataka hata na kelele zao.

Jumapili, 14 Novemba

Niandike hapa, maana sijapata kusema popote.

Tulikuwa ndani. Tulishaingia, sisi wanne, na mama yake Šuhra wa tano. Jua kali, watu maelfu, watoto wanalia. Šuhra akaenda na mama yake kwa daktari. Ndipo nikaona mfuko haupo. Mfuko wenye kinu! Tulikuwa tumepumzika ng'ambo ya barabara, ukabaki pale.

Nikaanza kelele. Kinu cha mama yako, Rifet! Umekiacha! Watu wanakimbiza roho zao, mimi nalilia kinu cha kahawa. Mwanamke wa kwetu tu ndiye angefanya hivyo. Nilidhani jioni tutafika mahali, tutakaa, tutanywa kahawa kama binadamu.

Rifet akacheka. "Haya, malkia, nakwenda." Nurija naye: "Nakusindikiza, asije akanisaga mimi."

Askari wa langoni akawafungulia. Kijana wa nywele za njano. Alijua barabarani kuna nini, tulikuwa tukisikia risasi! Hakuuliza, hakuinua hata mkono kuwazuia. Akafunga.

Hawakurudi. Baada ya saa moja askari wakaanza kuwatoa wanaume wa ndani, kwa lango lile lile. Wakauawa, wa ndani na wa nje, bila ubaguzi. Ubaguzi umekuja leo, kwenye karatasi.

Nikisema nje, yule askari na nchi yake wanapona. Nikisema ndani, nimeapa uongo juu ya jina la Rifet. Na Rifet ni wangu, naweza kumtoa kwenye karatasi kwa mkono wangu, nikabaki na aibu yangu. Lakini Nurija si wangu. Nilimtuma mara moja mume wa mwenzangu. Nimtume tena?

Šuhra hajui kwa nini walitoka. Hajui hata kwamba walitoka.

Jumatatu, 15 Novemba

Saa nne kasorobo. Šuhra ameshafika, kavaa kitambaa chake cha Idi, kaleta pai ya maboga ya watu kumi. Yuko jikoni anachemsha kahawa mwenyewe, hataki yangu. Nimemwona Jasenka dirishani, anatafuta pa kuegesha gari.

Nimekuja chumbani nipumue. Naandika nimesimama.

Šuhra kaita sasa hivi, sauti si ya utani: "Zumra, sijawahi kukuuliza. Niliogopa. Mara ya mwisho ulipomwona Nurija wangu, alikuwaje? Alikuwa analia?"

Alikuwa anacheka, Šuhra. Alikuwa anatoka langoni, anacheka.

Kengele ya mlango. Šuhra anaita tena, kwani nimelala?

Nimemjibu natafuta miwani. Miwani nimeivaa.