Mke Wangu Ameshuka Vipandio Viwili, Nami Natakiwa Kusaini

Shangazi yetu wa gazeti,

Kwa heshima zote natangaza mbele yako, mbele ya mhariri na mbele ya wasomaji popote walipo, kwamba stuli moja ya mbao, mali ya darasa la watu wazima la mtaani kwetu, imelala kwenye karakana yangu wiki ya tatu sasa ikisubiri mguu wa nne. Natangaza mapema ili asije mtu akasema nimeficha kitu. Sasa tuiache stuli, tuje kwenye lililonifanya nikuombe msaada, maana Ijumaa natakiwa kutia saini na mpaka leo sijui natia saini nini.

Mimi ni seremala, nina miaka kumi na tisa ya ndoa na mke mmoja, mfupi, ambaye siku ya kwanza nilipomwona nilidhani amekaa nikamkaribisha asimame, naye akanijibu, "Nimesimama, kaka, wewe ndiye umepitiliza," nikajua hapo hapo kwamba nimepatikana. Miaka miwili iliyopita ulikuja mradi, likaanzishwa darasa la akina mama, kusoma na kuandika pamoja na kile wanachokiita uwezeshaji, na mimi sikukataa, tena madawati yote niliyatengeneza mwenyewe na kuyapigilia sakafuni kwa misumari ya inchi sita, maana mtaa wetu vitu vina miguu. Nikapewa na cheo, mwakilishi wa waume kwenye kamati ya tathmini. Nilichaguliwa nikiwa nimetoka nje kupokea simu.

Siku darasa lilipofunguliwa, mama wa tathmini aliyetumwa na mradi alichora ngazi ya vipandio vitano kwenye karatasi za manila, akazibandika ukutani, akamwambia kila mama aweke stika pale anapojiona yupo maishani: chini kabisa ni yule asiye na kauli hata juu ya chumvi ya mboga yake, juu kabisa ni yule anayeamua mambo yake na akisema anasikilizwa. Mke wangu alijiweka cha tatu. Wakati huo hawezi kuandika hata jina lake, lakini kujiamini alikuja nako kutoka kwao.

Wiki mbili zilizopita mama wa tathmini akarudi kupima tumefika wapi. Ngazi ile ile, ukuta ule ule, juu ya ubao, kwa sababu ubao ulikuwa na somo ambalo mwalimu hakutaka lifutwe. Akakalia kiti cha mwalimu, ndicho kiti pekee, akatoa sharti: kila mama ajibandikie mwenyewe, asisaidiwe, asisemezwe, wala asiseme, maana neno la mmoja huvuta mawazo ya wengine, na hii, akasema, ni tathmini shirikishi. Sisi kamati tulisimama mlangoni. Mwuza mkaa, dada mmoja mrefu ambaye akiingia ndani huinama kama anaamkia wakwe, na ambaye kwa miaka miwili amehudhuria darasa mara nne, akaenda moja kwa moja kipandio cha tano, akabandika, akapangusa mikono. Bibi mmoja mdogo wa mwili, anayesoma gazeti hili lote mpaka matangazo ya vifo, akajiweka cha kwanza. Nikasema moyoni, bibi mnyenyekevu huyu. Akaja mke wangu. Akasimama mbele ya ukuta kitambo, akageuka akaniangalia mimi, Shangazi, mimi na si mwingine, kwa jicho lile analonipa nikimwambia kesho, kisha akabandika stika cha kwanza. Cha kwanza! Akarudi kukaa kama aliyeweka sufuria mezani.

Baadaye akanyoosha mkono. Mama wa tathmini akasema maswali mwishoni. Mwishoni ikawa picha ya pamoja.

Tukiwa tunapangwa kwa picha, mwenyekiti wa kamati akaninong'oneza, "Fundi, nyumbani kuna amani?"

"Ipo."

"Nauliza tu."

Mtu akisema nauliza tu, ujue jibu analo tayari na ameshampelekea mwingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa mpelelezi ndani ya nyumba yangu, na niliyoyaona nayaandika hapa kama yalivyo, wewe uunganishe. Huyu mwanamke siku hizi anasoma kila kitu. Alisoma chupa ya dawa yangu ya kifua akaniambia kwamba dawa ninayokunywa kwa kijiko tangu mwezi uliopita ni ya kuchua. Alisimama mbele ya kibao cha karakana, kilichoandikwa Seremala Hodari, Kazi kwa Wakati, akakisoma chote polepole, akauliza, "Haya maneno mawili ya mwisho aliyekuandikia nani?" Kuhusu hiyo stuli, ameniuliza mara nne, "Baba, ile stuli?" na mara nne nimemjibu kesho, ila ile ya nne nilikuwa nimejigonga kidole nikamwambia, "Hilo darasa linawafundisha kusoma au kuamuru?" Hajaniuliza tena, na mimi namjua, kimya chake huwa hakikai bure.

Halafu ipo bahasha. Siku mbili baada ya ile ngazi nilimkuta mezani anaandika, nilipoingia akafunika karatasi kwa kiganja.

"Unaandika nini?"

"Kazi ya darasa."

"Darasa gani lina bahasha?"

"La watu wazima."

Kesho yake bahasha haipo. Nimepekua chini ya godoro, kwenye kopo la unga, ndani ya mto, hata kwenye viatu vya harusi ambavyo havijavaliwa tangu harusi. Hakuna kitu. Sasa niambie, Shangazi, mwanamke anayejiweka chini ya ngazi mbele ya watu, ananiangalia mimi, kisha anaandika barua kwa siri, anamwandikia nani? Kwa miaka kumi na saba hakuwa na mtu wa kumwandikia kwa sababu hakuwa na herufi. Herufi kapewa na mradi, na madawati ya kuandikia nimempa mimi!

Na ripoti imetoka. Inasema kati ya akina mama kumi na sita, sita wameshuka, na aliyeshuka zaidi ni mmoja, vipandio viwili, jina hawakuweka ila mtaa mzima unalijua. Inapendekeza darasa lifungwe kwa kuwa limewashusha baadhi ya walengwa. Chini yake kuna nafasi tano za saini na ya tano ni yangu. Nikisaini, darasa limekufa, na nimekiri kwa mkono wangu kwamba nyumba yangu ni shimo. Nikikataa, watasema mwakilishi wa waume anaficha ya chumbani. Na likinikaa rohoni vizuri nawaza labda anasema kweli, labda ni mimi nimekuwa nikimvuta mguu miaka yote nikidhani nashikilia ngazi. Nisaini nisisaini? Na mtu anaanzaje kumuuliza mke wa miaka kumi na tisa, mbona umejiweka chini?

Ni mimi, Mwakilishi wa Waume.

SHANGAZI ANAJIBU

Fundi, pole. Nilikuhurumia mpaka ulipofika kwenye kopo la unga, baada ya hapo nikaanza kukasirika.

Umepekua godoro, mto na viatu vya harusi. Kitu pekee ndani ya nyumba hiyo ambacho hujakigusa ni swali. Unauliza mtu anaanzaje? Anaanza na "mbona." Uliniandikia mimi kurasa nne, mtu usiyemjua, na yeye mlikuwa mnalala kitanda kimoja.

Mashaka si dhambi. Dhambi yako ni kuyaelekeza kusiko. Kamati nzima mmesimama mlangoni, mmemwona bibi anayesoma mpaka matangazo ya vifo yuko chini, na mtu aliyekuja darasani mara nne yuko juu, na katika watu watano wenye macho hakuna aliyesema hapa pana kitu. Mmewashuku wanawake, hamkuishuku karatasi. Kisha mnaiita shirikishi! Mmempa mtu stika mkamnyang'anya mdomo, akinyoosha mkono mnampiga picha. Huko si kumshirikisha, ni kumwajiri kubandika.

Wewe ulitaka kujua kama darasa limemwinua mkeo? Ushahidi umeuandika mwenyewe ukadhani ni mashtaka. Mwanamke ambaye miaka miwili iliyopita hakujua kuandika jina lake amesoma chupa akakutoa mikononi mwa dawa ya kuchua. Kama wafadhili wanataka namba, waandikie: mume mmoja, hai. Na kile kibao chako amekisoma sawasawa, hakukosea hata herufi.

Ile bahasha ilikuja kwangu. Usishtuke, kaa. Ninayo mbele yangu, herufi kubwa zimeegemeana kama watu kwenye foleni, ina kosa moja ambalo nimelisamehe. Ilipofika niliona jambo lenyewe dogo mno kwa safu hii, nikaiweka chini ya barua za watu wanaoachana. Hilo ni kosa langu. Juzi nilimpigia simu kumwomba ruhusa ya kuichapa, akacheka, akasema, "Ichape tu, Shangazi. Akiisoma gazetini labda ataamini."

Sasa sikiliza. Usisaini. Ijumaa nenda ukawaambie mbele ya mwenyekiti wako wa nauliza tu kwamba kazi irudiwe, kila mama aulizwe kwa nini amejiweka alipojiweka, jibu liandikwe kama alivyolitamka, na ripoti isomwe na akina mama wenyewe kabla haijawafikia nyinyi wenye saini. Si wanajua kusoma? Mwuza mkaa naye aulizwe, kwa upole. Wakikuuliza wewe nani hata useme hayo, waambie umechaguliwa kuwakilisha waume, na leo ndiyo kwanza unaanza.

Nyumbani, futa lile neno lako la kusoma au kuamuru. Lifute kwa kulitaja, usinunue zawadi ukazunguka nalo. Mwambie, "Nilikosea niliposema vile." Maneno matatu, huhitaji msumari.

Lakini kabla ya yote hayo, leo, ukishaliweka gazeti chini, tengeneza ile stuli uipeleke. Naona umekunja uso. Stuli na ndoa, wapi na wapi? Msome mkeo:

"Shangazi, nina mume seremala, mtu mwema, ila anaumwa kesho. Stuli ya darasa ilivunjika mguu akaichukua. Nimemuuliza mara nne, nikimuuliza ya tano atasema nimesomeshwa kiburi. Nimfanyeje bila kugombana naye? Siku ya ngazi nilitaka kujiweka cha nne. Cha tano bado, mpaka niweze kuandika bila kufuta. Mwaka ule tulipanda kwenye stuli. Safari hii haikuwepo, madawati yamepigiliwa, kiti amekalia mgeni, na tulikatazwa kusema. Karatasi ilikuwa juu ya ubao na mimi ni mfupi. Mkono uliishia cha kwanza."