Dawa ya Mbegu Aliyoionja Mama

Mafiga, Morogoro
14 Septemba 1996

Kwa dada yangu mpendwa Yuliana,

Shikamoo dada. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Matombo, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Mimi mzima wa mwili. Mengine utayasoma humu.

Barua yako niliipata. Unauliza kwa nini mama msimu huu hataki kutengeneza dawa yake ya kuhifadhia mbegu za maharage, na kila akiulizwa anasema mikono inamuuma. Mikono ya mama haina neno, dada. Mwenye neno ni mimi.

Tangu soko huria liingie, chuo chetu nacho kimebanwa. Kimefungua ofisi ya kutusaidia walimu kuupeleka utafiti wetu sokoni: wanakupa chumba na mashine ya kusagia, wanakuchapishia pakiti, wanakuletea wageni. Nikawapelekea dawa ya mama. Ndiyo, ile ile, majivu ya maganda ya ndizi na majani machungu ya kule juu ya kijito. Niliipima maabara miezi minane, na vipimo sikudanganya. Lakini fomu ilikuwa na mahali pa kuandika aliyeibuni, nami nikaandika jina langu. Dakta Rahel, mkuu wa ofisi hiyo, aliniuliza mara mbili kama kuna mwingine wa kutajwa. Nilisema hakuna. Niliona haya, msomi mzima, kusema nimefundishwa na mama asiyejua kusoma.

Mama alikwambia kwamba siku ya maonyesho ya chuo chetu alishuka mjini, hakunikuta, akaacha mkungu wa ndizi kwa mlinzi getini. Alinikuta, dada. Alifika mpaka kwenye meza yangu, akachovya kidole katika kopo, akaonja kama afanyavyo siku zote, akawaambia wageni kwa upole kwamba majani yameanikwa juani, ndiyo maana ukali umepotea. Dakta Rahel akaniuliza kama namfahamu mama huyu. Nikajibu kwamba simfahamu, ni mkulima tu wa milimani.

Mama alinitazama. Akajifuta kidole kwenye kanga, akainama kidogo, akaniamkia shikamoo. Mama aliyenizaa. Na mimi, mbele ya watu wale, nikaitikia marahaba.

Jana nimemweleza Dakta Rahel kila kitu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Amesimamisha pakiti na kunipa fomu mpya, ambayo mahali pa jina pako wazi mpaka mama akubali au akatae. Jumapili ya wiki ijayo nitapanda huko, nitawakuta mkitoka misa. Tafadhali usimwambie kitu. Yeye amenisitiri hata kwako, basi niache nikaseme mwenyewe. Ila ukae karibu, dada, maana nitamwamkia na sijui kama ataitikia.

Msalimie shemeji na watoto, na Bernadeta jirani yetu. Goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako mwenye aibu,
Fransisko