Kiti Kutoka Kombewa

Kisumu, 9 Machi 1968

Baba mpendwa,

Nakuamkia wewe na Mama, na mke wangu Nasambu anayewatunza huko Chwele. Natumaini mmeamka salama. Mimi niko hospitali. Mashine ya kupiga randa pale karakana ilinikata vidole vinne vya mkono wa kulia, kikabaki kidole gumba. Muuguzi ndiye anayeniandikia. Tajiri amenitoa kazini. Nikipona naomba nirudi, tufanye kazi pamoja katika karakana yako. Randa ulizonipa ziko salama.

Mwanao,
Enos

Chwele, 30 Machi 1968

Enos,

Sisi wazima. Pole.

Nilikuambia mashine si kazi ya fundi, ukanicheka. Sasa utafanya nini hapa? Kufagia maranda? Dalmas, mtoto wa ndugu yangu, ana mikono miwili, na karakana yangu sasa ni yake. Anakuja kuchukua randa zangu. Mpe zote, hata ile ndogo. Nasambu nimemrudisha kwao. Bado kijana, na hajazaa.

Baba yako,
Wepukhulu

Kombewa, 14 Februari 1969

Baba,

Nawasalimu baada ya kimya kirefu. Mama bado anakohoa?

Dalmas alikuja nikiwa bado kitandani. Nikamuuliza, "Hata ile ndogo?" Akasema, "Mzee amesema zote." Alizifunga kwa gunia, hakunywa hata maji.

Sasa niko soko la Kombewa. Nimechonga randa yangu kwa kipande cha mvule. Chuma chake ni springi ya lori, mhunzi alinifulia. Nasukuma kwa kushoto, na mkono mbovu naufunga mbele kwa mpira wa tairi. Mwanzoni ubao ulitoka kama mgongo wa mamba, na damu juu. Siku hizi watu wananiletea milango.

Nimekutumia kiti kwa basi. Tafadhali kipapase kwa kiganja. Ukiona kinafaa, niite nyumbani. Na uniambie Nasambu yuko wapi, barua zangu kwao hazijibiwi.

Mwanao,
Enos

Chwele, 2 Machi 1969

Enos,

Hapa hatujambo, Mama yako pia.

Kiti kilifika. Miguu inacheza, mgeni angevunjika kiuno. Nimekipasua, Mama yako amepikia uji. Usitume kingine, unaniaibisha. Nasambu ameolewa. Mwache.

Baba yako,
Wepukhulu

Kombewa, 20 Juni 1969

Mzee Wepukhulu,

Sikuulizi afya yako, habari zake nimeshazipata.

Nasambu yuko hapa. Hakuolewa. Ulimwambia nimemkataa, na barua zangu ukamwomba baba yake azichome. Juzi alienda kwako kuchukua sufuria zake, akakukuta uani na wazee wa kanisa, umekalia kiti changu. Mzee mmoja akauliza, "Nani alipiga randa mbao hizi? Laini namna hii!" Ukapapasa mkono wa kiti, ukajibu, "Dalmas wangu."

Mama aliinamisha kichwa. Baadaye jikoni alimnong'oneza Nasambu kuwa kiti ni changu, akamtajia jina la soko hili, akampa nauli.

Tulilia, baba. Halafu nikataka kukuandikia matusi, nikayakosa. Nilipokuwa na vidole vyote hukuwahi kuusifu ubao wangu hata mara moja. Umeusifu sasa, kwa jina la mtu mwingine.

Usiniandikie tena. Barua itarudi kama ilivyokuja.

Endelea kukalia kiti. Kikilegea, mwite Dalmas.

Enos, fundi wa Kombewa