Moshi wa Bata Mzinga

Alhamisi, Februari 2007
Hyattsville

Leo jua limetoka, na silitaki. Linang'aa kwenye barafu iliyoshika matawi, watu wanapiga picha huko nje. Mimi kichwa kinaniuma tangu jana, maumivu ya kubana hapa mbele kwenye paji. Nimekuja nyumbani mara moja kuchukua kanga za Neema na kandambili zake, nirudi hospitali. Badala ya kufungua kabati nimefungua kompyuta.

Nyumba bado inanuka moshi.

Sufuria iko pale pale sakafuni, juu ya jiko la mkaa, kifuniko kimejaa majivu. Sijaigusa.

Nina woga, shajara. Nikiuweka hapa labda utakaa kimya kidogo.

Neema, mke wangu, ana mimba ya kwanza, na siku zake zimekaribia. Kiangazi kilichopita, mimba ikiwa changa, alikuwa hawezi kumeza kitu. Hata maji yalirudi. Wenzake wa kazini wakapanga safari ya kwenda kwenye bustani ya michezo kule Virginia, ile yenye reli za kukupandisha juu halafu zikakuacha bila roho, na yeye akasema twende tu, kutapika ni kutapika. Mchana tukaingia kwenye mkahawa mmoja wa mbao humo ndani, wanauza paja zima la bata mzinga lililoivishwa kwa moshi, rangi yake kama mbao za mvule, na mchuzi wenye siki na utamu kwa mbali. Alilishika kama rungu, akala mpaka mafuta yakamfika kwenye viwiko. Nikasimama na mfuko wa plastiki mkononi nikingoja lirudi.

Halikurudi. Kilikuwa chakula cha kwanza kukaa tumboni mwake, na siku hiyo ndiyo niliyoamini kwamba kweli tutapata mtoto.

Baada ya hapo ikaja zamu ya hamu. Jamani, mimba ya Neema! Alitamani embe bichi na chumvi, nikalitafuta huku theluji inaanguka. Akatamani ubuyu. Akatamani udongo, ule wa vipande unaouzwa kwenye duka la Waafrika karibu na kwetu, na hapo ndipo nilipogoma. Nikamhutubia kama daktari: udongo una minyoo, una sumu, mtoto wangu hali uchafu. Akanuna siku nzima. Mimi mbishi, najijua, na nikishasoma kitu kwenye mtandao ubishi unapanda.

Wiki iliyopita akalikumbuka lile paja.

"Neema, park imefungwa. Wanafungua spring."

"Kwani nimesema twende? Nimesema nataka ile nyama."

Nikampigia mama yangu Muheza nikitegemea atanicheka. Hakucheka. "Mwanangu, mja mzito hanyimwi. Mnyime uone, mtoto atatoka udenda mpaka anaanza shule." Kwa mama hili si la mzaha. Mama akishasema hivyo huna pa kukimbilia, hata uwe umevuka bahari.

Basi nikajifunga kibwebwe. Nilisoma mapishi ya watu wasiojuana, kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo yenyewe. Nikaliloweka paja kwenye maji ya chumvi na sukari, nikanunua vile vipande vya mti vya kutia moshi. Jiko nikaazima kwa Mama Bijou, Mkongo anayekaa chini yetu, ambaye kiangazi huwachomea watu samaki nyuma ya jengo. Yeye huliita mbabula. Nilimwambia nalipeleka kwenye kibaraza cha nje, na kweli nia yangu ilikuwa hiyo.

"Na mimi utaniletea kidogo, papa?" akauliza; kwao kila mwanaume ni papa.

"Chombo cha jirani hakirudi kitupu, Mama Bijou. Sahani yako ipo."

Jana ilianza na kisirani tangu alfajiri. Mvua ilikuwa inaganda kila inapogusa, ofisi zimefungwa, barabara tupu. Kila baada ya muda tawi linavunjika huko nje, kah, kama mtu anavunja kuni. Neema alikuwa anashtuka kila mara, anashika tumbo. Mimi nilikuwa kibarazani chini ya mwavuli, najiona fundi. Nilitia moshi asubuhi nzima, ngozi ikabadilika rangi vizuri, nikaliingiza paja kwenye oveni limalizikie humo.

Umeme ukakatika.

Nilicheka, shajara. Nikasema kukatika umeme ni kwetu, Wamarekani wanatuiga tu. Neema naye akacheka. Lakini oveni imezima, nyama haijaiva ndani, na nyumba imeanza kupoa maana joto lenyewe linategemea umeme. Nje mvua imezidi, mwavuli umegeuka barafu.

Nikaliingiza jiko ndani.

Naandika tena ili nilione vizuri. Nililiingiza jiko la mkaa ndani kwa mikono yangu. Kwanza niliwasha mkaa mwingi kibarazani, nikangoja ukolee, uwe mwekundu bila moshi hata chembe, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokua nikijua: ubaya wa mkaa ni moshi, ukishakolea hauna neno. Kwetu Muheza jiko lilikuwa linaingia ndani kila siku ya mvua. Lakini nyumba yetu ilikuwa na uwazi mpana kati ya ukuta na paa, popo wanapita. Hii ya Hyattsville ina madirisha yenye vioo viwili na milango yenye mpira pembeni. Na mimi, kwa akili yangu, nikachukua mataulo nikaziba chini ya milango ili joto lisitoke.

Nikaweka paja kwenye sufuria, nikafunika, nikapalia makaa juu ya kifuniko kama wali wa sherehe. Neema akavuta kiti, akanyoosha mikono kwenye moto. "Kama nyumbani," akasema. Nilijisikia mwanaume kamili.

Harufu ikaanza kutoka. Taratibu, ile ile.

Baadaye akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni njaa. Akasema anasikia joto, akaenda akafungua mlango wa kibaraza. Nikaufunga. "Mtoto atapata baridi," nikamwambia. Akafungua tena. Nikafunga tena, safari hii kwa ukali kidogo, na nikarudisha taulo mahali pake. Akaegemeza paji la uso kwenye kioo, akakaa hivyo, halafu akaenda chooni akisema kichefuchefu kimerudi kama kile cha mwanzo.

Nikamwacha. Nilijua nyama ikiiva atapona.

Nilikaa kwenye kochi kuangalia makaa. Miguu ilikuwa mizito, kichwa chepesi, usingizi unakuja kwa adabu kama mgeni mstaarabu. Nilijisikia vizuri. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, kwamba nilijisikia vizuri. Sikuwaza chochote kuhusu mke wangu aliyenyamaza huko chooni.

Mlango ukagongwa.

Nikausikia, na sikutaka kuinuka. Ukagongwa tena, na sauti ya Mama Bijou: "Papa! Sahani yangu iko wapi? Harufu imenifika chini, na mimi nangojaka tu!"

Sikuinuliwa na akili. Niliinuliwa na aibu. Nilikuwa nimeazima chombo cha mtu, nimemuahidi, na amelazimika kupanda ngazi mwenyewe kudai. Mama yangu angesikia angenikana. Nikainuka kwa ajili ya hiyo aibu tu, nikaanguka, nikashika ukuta, nikatambaa mpaka kwenye mlango, nikavuta kitasa.

Alikuwa na sahani mkononi, anatabasamu. Akanitazama usoni, akatazama nyuma yangu, akaliona jiko. Sahani ikaanguka.

"Moto mu nyumba? Fungula! Fungula yote! Kwetu Bukavu watu wanakufaka hivi, wanalala, basi! Mama iko wapi?"

Neema alikuwa ameketi kwenye sakafu ya choo, kichwa kimelala juu ya ukingo wa bafu, macho yapo wazi nusu. Nilimwita. Nikamwita jina la kwao. Hakujibu. Mama Bijou alimshika mabegani, mimi miguuni, tukamvuta mpaka kwenye korido, mpaka kwenye ngazi za nje, na mvua ya barafu ikamwangukia usoni na tumboni, na kwa mara ya kwanza siku nzima sikujali baridi.

Huwa nasema "mgeni njoo, mwenyeji apone" nikimtania mtu aliyekuja wakati wa chakula. Sitaisema tena kwa utani.

Gari la wagonjwa lilichelewa kwa sababu ya barafu barabarani. Mmoja wa watu wa zimamoto waliokuja nalo alipoingia ndani na kidude chake cha kupimia, kilipiga kelele kabla hajafika jikoni. Nikakiri kwamba king'ora cha moshi cha darini nilikitoa betri siku nyingi, kwa sababu kilikuwa kinalia kila tukikaanga dagaa. Akaniambia hata kingekuwa na betri kisingelia. Hiyo hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina moshi, haina harufu, haina rangi.

Hospitali wakamvika Neema kinyago cha hewa. Jioni akafungua macho, akanijua. Nililia mbele ya wauguzi bila kuficha. Daktari, mama mmoja mpole, akanieleza polepole kana kwamba anaongea na mtoto. Sumu ile humtoka mama upesi. Mtoto tumboni huishikilia kwa muda mrefu zaidi. Nikauliza, basi mtoto wangu yukoje? Akasema moyo unapiga. Wamemfunga Neema mkanda wa kupimia tumboni, na mimi mwenyewe naisikia, ile sauti ya farasi anakimbia mbali.

Moyo unapiga. Lakini hachezi.

Mtoto wetu ni mtukutu, mpigaji mateke. Neema akila kitu anachokitaka, yeye ndiye anayeshangilia. Nilikuwa namtania kwamba huyu atazaliwa na mpira mguuni. Tangu jana ametulia. Usiku kucha niliweka mkono pale, na asubuhi ya leo niliweka tena. Daktari alitikisa kichwa nilipomuuliza maana yake. Akasema tusubiri, mengine tutayajua akizaliwa, na mengine baadaye sana.

Mama yangu amepiga simu nikiwa njiani kuja huku. Sikumwambia. Nilishindwa.

"Alipata ile nyama?" akauliza.

"Alipata, mama."

"Basi mtoto yuko salama," akasema, na nikasikia anavyofurahi.

Nimesimama kidogo kuandika. Nimekwenda nikafungua ile sufuria.

Nimepatia, shajara. Nyama imeachana na mfupa, ngozi ina rangi ya mvule, na harufu ni ile ile kabisa ya kule kwenye mkahawa wa mbao, hata ule utamu wa mbali upo. Ningepewa nionje nimefumba macho nisingetofautisha. Sikuonja. Nimeifunga kwenye mifuko miwili nikaipeleka kwenye pipa la nje, nikarudi nikanawa mikono, na bado vidole vinanuka. Jiko la Mama Bijou nimelisugua likang'aa. Nimesimama nalo mlangoni kwake, sina cha kuweka juu yake, nimemrudishia tupu. Amelipokea kwa mikono miwili, akaniuliza habari ya Neema tu.

Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema. Langu lilikuwa limeziba kama ile milango.

Sasa niseme kinachonirudisha kwenye kiti hiki badala ya kuwa barabarani. Kabla sijaondoka hospitali nilimuuliza Neema nimletee nini. Nilitaka anitume. Nilitaka aniambie embe, ubuyu, chochote cha kunihangaisha mji mzima kwenye barafu hii. Alinitazama juu ya kile kinyago, akatikisa kichwa.

"Sitaki kitu, Eli."

Tangu mimba iingie hajawahi kusema hivyo. Hata siku alizokuwa anatapika alikuwa na la kutaka.

Kanga ziko kwenye mfuko, kandambili pia. Nikitoka hapa nitapitia duka la Waafrika, kama wamefungua, na nitanunua ule udongo niliomkatalia. Simpi ale. Nitauweka tu kando ya mto wake, aunuse kama mvua ya kwanza, halafu nitaweka mkono tumboni ningoje.

Atamani kitu, Mungu wangu. Hata udongo.