Kwa Hesbon Wakoli, Wakili Aliyehoji Dirisha

Mwaka umezunguka, Baba Sellah, tangu ile asubuhi ya Agosti 2008 ulipotuacha pale hospitali ya Lugulu. Hapa nyumbani Kitale bado kuna mtu anapaza sauti "Pingamizi!" kila nikiwaambia watoto wakalale. Neno hilo uliwafundisha wewe. Nikimkataza Job, ananiambia nitoe sababu. Sasa mimi Fridah, mama wa watu, nitoe sababu kwa mtoto wa darasa la tatu?

Tunakukumbuka tukicheka, maana ndivyo ulivyotuzoesha. Tunakumbuka ulivyokula mahindi ya kuchoma ofisini ukiwa na joho lako, punje zikidondoka kwenye faili za watu. Ulivyopiga mluzi nyimbo za kanisa ukinyoa ndevu, mpaka unajikata. Na siku ile tukielekea Bungoma, abiria wa gari la mbele akatupa mfuko wa nailoni dirishani. Ulisimama, ukauokota, ukamfuata hadi Kamukuywa umrudishie mali yake! Mimi nilijificha uso kwa mkoba.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 uliisoma kama kijana anavyosoma barua ya mchumba. Ulimweleza kila mteja, hata yule aliyekuja kwa mambo ya talaka. "Siku hizi," ulikuwa ukisema, "si lazima uwe mwenye shamba ndio umshtaki mtu anayeharibu mto. Si lazima hata uonyeshe umeumia wapi. Mazingira safi ni haki yako, basi." Mteja wa talaka aliitikia kwa kichwa na kuuliza kama hiyo sheria inamhusu mume wake.

Kisha ukaja mwaka wa 2005 na kesi ya kinamasi cha Mulukhu, kule Kabuchai, chini ya boma la mama yangu. Tajiri mmoja wa mjini, ambaye jina lake hatutaliweka karibu na lako, alipata karatasi za kukimiliki. Akataka kukikausha apande miwa. Katika mafunjo yale ndiko korongo wenye taji wanakotagia, na ndege hao wanazidi kuadimika. Mtaro wa kwanza ulikuwa umeshachimbwa na maji yalikuwa yanapungua kila siku. Makinda yalikuwa yametotolewa lakini hayajajua kuruka. Mahakama isingetoa zuio haraka, yangeliwa na mbwa pale matopeni.

Majirani waliokuahidi ushahidi wakaanza kupotea mmoja mmoja, kwa sababu waliahidiwa kazi ya kukata miwa. Akabaki mtu mmoja tu aliyekijua kinamasi vizuri. Naye alikuwa mama yangu, Nabwile. Ole wako, Baba Sellah!

Wasiotoka Ubukusu wajue hivi: kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana mpaka wanakimbiana. Mama akikuona njiani, anaingia kwenye mahindi. Ukimwona wewe kwanza, unaingia wewe. Siku moja mliingia wote wawili, kila mtu upande wake, barabara ikabaki na mbwa. Jina lako hakulitaja kamwe, hata kwa bahati mbaya. Wewe ulikuwa "yule mtu wa Fridah." Na sasa ilibidi umsimamishe kizimbani na kumhoji mbele ya jaji.

Ulipanga vizuri. Ulimwomba rafiki yako wakili Kipruto amhoji kwa niaba yako. Asubuhi ya kesi gari likamharibikia njiani. Jaji aliuliza kama uko tayari, nami nikaona jasho linakutoka shingoni. Mama naye alikuwa ameshajifunika leso kichwa kizima.

Ukasimama. Ukaenda dirishani, ukampa mama mgongo, ukaanza kuuliza maswali ukitazama ua wa mahakama ya Bungoma.

"Wakili," jaji akasema, "shahidi yuko huku. Unamhoji nani?"

"Namhoji shahidi, Mheshimiwa. Lakini ni mama mkwe wangu."

Watu waliangua kicheko. Jaji hakuwa mtu wa kwetu, akamtazama karani, na karani akamweleza bila hata kutabasamu. Jaji akafikiri kidogo. "Endelea na dirisha lako," akasema.

Mama naye akamgeukia karani. "Karani, mwambie yule mtu wa Fridah, hao ndege nimewajua tangu niolewe. Wanakuja wawili wawili, wanataga kwa mafunjo. Maji ikiisha, hawarudi. Na saa hii maji inaisha."

Wakili wa yule tajiri akainuka, kifua mbele. "Mama, wewe uko na title ya hapo kinamasini?"

"Sina."

"Sasa inakuhusu nini?"

"Hata ndege hawana title, bana, na umetoka mjini kuja kuwafukuza."

Ulisahau adabu, ukageuka nusu ukitaka kucheka, kisha ukarudi dirishani mbio. Ukaisoma ile sheria yako kwa sauti, ukiisomea miti ya uani: kwamba mama huyu hahitaji hati yoyote, haki yake inatosha. Jaji alitoa zuio siku hiyo hiyo. Baadaye hukumu yenyewe ikaja: kinamasi kisiguswe, na aliyechimba mtaro aufukie mwenyewe. Aliufukia akinuna, nasi tukaenda kumtazama kama watu wanaotazama mechi. Makinda yaliruka.

Nilimuuliza mama alionaje kazi yako. Akasema, "Huyo anaongea vizuri. Lakini shingo itamuuma."

Ulipougua, mama alikuja Lugulu. Hakuingia wodini. Alisimama nje ya dirisha lako, akakupa mgongo, akatoa ripoti kwa sauti: korongo wangapi wameonekana, mafunjo yamefika wapi. Wewe kitandani umeugeukia ukuta, unajibu, "Asante, mama. Na mtaro?" Nesi akaniuliza kando kama mmegombana. Nikamwambia hapana, hawa wanapendana sana. Nililia siku hiyo, lakini nilicheka pia, na ulinisikia.

Sasa sikia ya mwaka huu. Mwezi wa Aprili trekta ilirudi Mulukhu. Watu wa yule tajiri walikuwa wametangaza sokoni kwamba wakili amekufa, kwa hivyo kesi imekufa. Wengi waliamini. Hata mimi, mke wa wakili, nilikaribia kuamini. Nilijiuliza nani atasimama sasa na wewe haupo. Nilimchukua Sellah na nakala ya hukumu, tukatoka Kitale tukiomba Mungu njia nzima.

Tulimkuta mama amevaa gambuti, amesimama mbele ya trekta pale ulipokuwa mtaro. Dereva alikuwa kijana wa adabu, anamsihi.

"Kukhu, bibi yangu, toka tafadhali. Hiyo kesi ilikuwa ya nani? Si mwenyewe alizikwa?"

Mama alijinyoosha. Leso ilikuwa imemteleza kichwani na hakuijali.

"Ilikuwa ya Hesbon Wakoli," akasema. "Na mimi ndio shahidi wa Hesbon Wakoli. Tulizika yeye, hatukuzika amri ya mahakama. Zima hiyo kitu."

Baba Sellah, tulisimama kama tumemwagiwa maji. Maisha yake yote hakuwahi kukutaja, na sasa amekutaja mara mbili kwa pumzi moja, mbele ya watu na trekta! Sellah alimpa dereva ile nakala. Dereva akaisoma, akazima injini. Chifu alipofika, trekta ilikuwa imeshageuza. Yule tajiri ameitwa kortini kueleza kwa nini alidharau amri, na anayemshtaki safari hii ni mama, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Tukiwa tunarudi nyumbani alishtuka ghafla, akajifunika leso. "Nimemtaja," akasema. Nikamwambia nakujua, hujakasirika. Najua pia ungeenda kujificha kwenye mahindi ukacheke.

Korongo wako wapo. Jumapili tuliwaona wakicheza, na Job akawaambia waendelee, hakuna pingamizi.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Fridah. Wanao Sellah, Nekoye na Job. Ndugu zako wote wa Myanga. Na Kipruto, ambaye gari lake sasa limetengenezwa. Siku zote tutakuwa nawe moyoni, Hesbon.

Mama ameomba jina lake lisikae karibu na lako, hata gazetini. Tumemtii, tumeliweka huku chini peke yake. Ameomba pia tuandike kwamba anakukumbuka kuliko sisi wote.

Nabwile wa Kabuchai, shahidi wako.