Kiti Kikubwa Msikiguse

Mama Aline,

Nimekimbilia Kibondo. Vile viti vinne vya uani vipigeni msasa laini, mfute vumbi kwa kitambaa kikavu, halafu mpake vanishi mkono wa pili. Brashi ifuate nyuzi za mbao. Msikalie chochote mpaka kesho!

Mlipokuwa kanisani alikuja mama yake Niyonzima, mchumba wa Aline. Bila taarifa. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti kikubwa, ambacho nilikipaka alfajiri. Ningesemaje? Kwetu kumwambia mgeni asikae ni kumfukuza, sembuse mkwe. Nikamwacha akae, kama mjinga. Alipoinuka, kiti kikainuka naye. Kumshika mkwe siwezi, nikashika miguu ya kiti, nikavuta.

Akasema tu, "Kiti chenu hakitaki niondoke." Hakucheka. Akapanda basi la kurudi kwake Kibondo na doa la kahawia nyuma ya kitenge. Alitania au alikasirika? Tangu hapo nazunguka uani, na hata pa kukaa hakuna.

Nimechukua kitenge chako kipya nimpelekee. Najua, utanisema nikirudi.

Kuku wafungieni bandani, wasije wakakanyaga vanishi.

~~Kile kiti kikubwa kisugueni mpaka alama itoke.~~ Hapana, kiacheni. Maua ya kitenge chake yameganda kwenye vanishi. Akivunja uchumba, nitayasugua mwenyewe. Akituvumilia, hapo ndipo atakapokaa siku ya harusi.

Baba Aline