Nilichosema kuhusu redio ya Shabani

Jumanne, mwezi wa nne. Marui.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa imeacha. Miguu yangu imevimba hadi magotini. Nikiibonyeza, kidole kinaacha shimo, na shimo halijai upesi. Haiumi. Siku hizi hakuna kinachoniuma sana.

Asubuhi jirani yetu, Mzee Kondo, amewasha redio yake mpya. Chumba changu kinapakana na uwanja wake, nikasikia vizuri: bei ya mkonge, kisha taarabu. Hawa, mtoto wa dada yangu, aliyekuja kutoka kijiji cha Janga kuniuguza, aliacha uji jikoni akaingia mbio. Alishika kitanda upande wa miguu akakiburuta hadi ukuta wa pili, nami nikiwa juu yake.

"Zile sauti zinapita ukutani, mjomba," alisema huku anahema. "Si wewe mwenyewe uliyesema?"

Ndiyo. Ni mimi niliyesema.

Nilisoma kwa Mjerumani, nikafundisha kwa Mwingereza pale Kisarawe hadi nilipostaafu. Tangu ujana naandika shajara. Leo nimefungua daftari la mwaka niliosema maneno hayo nikatafuta siku yenyewe. Nimekuta maneno matatu: "Kikao kimekwisha salama." Basi naandika sasa yaliyobaki, kabla mkono haujakataa.

Vita vya pili vilipokwisha, Shabani, aliyekuwa mwanafunzi wangu, alirudi kutoka Bama, alikopigana na Wajapani. Kule jeshini alikuwa mtu wa simu ya upepo, akibeba mashine mgongoni porini. Alimwoa Hawa, na baada ya mwaka akaleta redio ya betri. Akasimamisha mlingoti wa mwanzi nyuma ya nyumba, akafunga waya.

Kabla ya hapo watu walikuwa wakija kwangu. Kila Ijumaa baada ya sala walikaa barazani, nami niliwasomea gazeti na kuwaeleza maneno magumu. Kahawa ilizunguka. Nikisema, walinyamaza. Ijumaa ya kwanza baada ya redio walikuja wanane. Ya pili, watatu. Ya tatu alikuja Mzee Pazi peke yake, naye alikuwa hasikii vizuri.

Sikukasirika. Ndivyo nilivyojiambia.

Mwaka ule mimba ya Hawa iliharibika, ikiwa ya miezi saba. Watu walikuwa wameshaanza kusema kuwa mlingoti unafukuza mvua, kuku hawaatamii, vichwa vinawauma waliokaa karibu na kile kisanduku. Sasa wakapata neno kubwa la kusema.

Kwetu Wazaramo mtoto wa dada ni wa mjomba. Neno la mwisho juu ya ndoa ya Hawa lilikuwa langu. Tulikaa ukumbini kwa dada, wanaume saba, na Shabani kwenye mkeka karibu na mlango.

"Mwalimu, wewe ndiye macho yetu," Mzee Pazi alisema kwa sauti kubwa, kama wasiosikia wanavyosema. "Hizo sauti mpaka zifike hapa zinapita wapi?"

Shabani alidakia. "Hewani tu, mzee wangu. Kisanduku hakina meno. Kingekuwa kinaua, mimi si ningeozea Bama?"

Watu wakacheka. Si sana. Kicheko kile kiliniudhi kuliko redio yenyewe.

Nikasema: "Mawimbi yake hupenya ukuta. Nimesoma kitabuni. Kama ukuta unapenywa, tumbo la mwanamke ni nini?"

Kitabu kilisema habari ya ukuta. Habari ya tumbo nilitia mimi. Nilijua pia kwamba siku tisa kabla ya mimba kutoka, Hawa alikuwa hoi kwa homa, maana mimi ndiye niliyempelekea kwinini, dawa ya malaria.

Shabani alisema atashusha waya siku ileile. Akasimama kabisa aende. Ingetosha pale.

Nikaongeza: "Mashine ameibeba mgongoni miaka yote ya vita. Kushusha waya hakutasaidia. Mawimbi yamo mwilini mwake."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Nani angemuuliza Mwalimu? Talaka ilitoka kabla mwezi haujaandama. Shabani aliiandika mwenyewe, kwa mwandiko niliomfundisha darasani.

Hawa aliolewa Janga na mkulima ambaye hata saa ya mkono hajawahi kuivaa. Mimba mbili zimeharibika kule. Nilikwenda mara zote mbili kumpa pole. Shabani anaishi upande wa Pugu, ameoa, ana watoto wanne wazima. Hayo yote niliyajua. Nilinyamaza nikaendelea kula na kulala.

Leo, baada ya kusogeza kitanda, Hawa alikaa chini akanishika mguu. "Mjomba, tusameheane. Nimekusamehe dunia na akhera, nilijualo na nisilolijua."

Ndivyo mgonjwa anavyoambiwa. Wiki hii wengi wamekuja wakasema hivyohivyo, nami nimepokea. Na hili ningeweza kulipokea. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nikamwambia asubiri. Nikamweleza yote. Haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Nilidhani nitalia. Sikulia.

Aliniuliza, "Kwa hiyo Shabani hakuwa na kitu mwilini?"

"Hakuwa na kitu."

"Nawe ulijua?"

"Nilijua kwamba sijui. Nikasema kama ninayejua."

Alitazama viganja vyake. "Siku ile alisimama mlangoni, mjomba. Akaniuliza kama namwogopa. Nikamjibu ndiyo. Nilikuwa namwogopa kweli."

Akaenda kutazama uji. Ulikuwa umeungua. Akapika mwingine, akanilisha kijiko kwa kijiko, akanifuta kidevu. Habari ya radhi hakuitaja tena. Hakusema amenipa, hakusema ameiondoa. Ile aliyoitoa kabla hajajua, sijui kama inahesabika. Shehe angeweza kunieleza, lakini ningelazimika kumsimulia na yeye.

Sasa ni saa kumi. Namsikia uani anafua shuka zangu. Anafua polepole, anaacha, halafu anaendelea.

Nataka anijibu kama amenisamehe kabla sijafa, na siku nilizobaki nazo si nyingi. Lakini miaka ile nami nilitaka jambo langu, na aliyeumia ni yeye. Akiingia kunipa dawa, nikimwomba radhi, atanipa. Namjua. Atanipa kwa sababu naumwa na yeye amelelewa vizuri.

Je, nitaweza kuimeza ile dawa nikanyamaza?